Swali Kabla ya Taswira: Utafutaji katika Katalogi za Data za Setilaiti na Nafasi ya Kiswahili nchini Sudan Kusini

Ikisiri

Tangu mwaka 2019 Sudan Kusini imekumbwa na mafuriko ya miaka mfululizo. Taswira za setilaiti zimekuwa sehemu ya ushahidi unaotumika mjini Juba katika maamuzi yanayohusu maji, makazi na misaada. Taswira hizo hupatikana kwa kuziuliza katalogi za kidijitali kupitia kiolesura cha wavuti. Makala haya yanafafanua namna swali la aina hiyo linavyoundwa, yanaonesha makosa yanayoweza kulipotosha jibu bila katalogi kutoa onyo lolote, na yanajadili mchango wa Kiswahili katika kuyaepuka. Hoja kuu ni kwamba katalogi hujibu swali lililoandikwa, wala si swali lililokusudiwa. Kwa sababu hiyo, mshauri wa sera anapaswa kuwekewa mbele yake si taswira pekee, bali pia swali lililoileta, katika lugha anayoweza kuisoma na kuihoji.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Rais Salva Kiir alisitisha shughuli zote zilizohusiana na uchimbaji wa mito nchini Sudan Kusini hadi utafiti wa kina utakapofanyika. Uamuzi huo ulitanguliwa na mjadala mkali. Kwa upande mmoja, walikuwapo viongozi na wakazi wa Jimbo la Unity, ambako makazi na malisho yalikuwa chini ya maji. Kwao, kuondoa magugu na matope katika Mto Naam kulikuwa njia ya kuyapa maji mahali pa kupita, na mitambo kutoka Misri ilikwisha kuwasili Bentiu kwa kazi hiyo. Kwa upande mwingine, walikuwapo wasomi na watetezi wa mazingira, akiwamo Profesa John Akec wa Chuo Kikuu cha Juba, waliohofia kwamba uchimbaji usiotanguliwa na utafiti ungeidhuru Sudd. Ardhioevu hiyo iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006 ikiwa na eneo la hekta milioni 5.7. Nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na kumbukumbu ya Mfereji wa Jonglei, ambao ujenzi wake ulikatizwa na vita mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuchimbwa takriban kilomita 260 kati ya 360 zilizokusudiwa.

Licha ya tofauti zao, pande zote mbili zilihitaji jibu la swali lilelile: maji yalikuwa wapi, lini, na kwa muda gani? Katika nchi ambayo vituo vya kupimia kina cha mito ni vichache, na ambayo vita vimekatiza kumbukumbu za vipimo kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika hifadhi za setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 hifadhi yote ya Landsat hutolewa bila malipo. Sentinel-1 ya Ulaya, inayotumia rada, ilianza kazi mwaka 2014, na Sentinel-2 ikafuata mwaka 2015. Uhaba wa data, basi, si tatizo la kwanza tena. Tatizo la kwanza ni kuipata ile inayohusika, na kujua kwa hakika kwamba iliyokosekana haikukosekana kwa sababu ya namna ilivyotafutwa.

2.0 Katalogi na Kiolesura Chake

Mtumiaji wa maktaba anajua kwamba katalogi si vitabu. Kadi humweleza msomaji jina la kitabu, mwandishi, mwaka na rafu kilipowekwa, naye huamua kama aende kukichukua. Katalogi ya data za setilaiti hufuata mantiki hiyohiyo. Kila taswira ina maelezo yake mafupi, yaani metadata, ambayo hutaja eneo lililofunikwa, wakati wa upigaji, chombo kilichotumika, sifa za taswira, na viungo vya mafaili yenyewe. Maelezo hayo huwa na ukubwa wa kilobaiti chache au makumi machache tu, ilhali kifurushi kimoja cha Sentinel-2 kinaweza kukaribia gigabaiti moja. Kwa ofisi ya Juba ambako intaneti ni ghali na umeme si wa kutegemewa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itawezekana. Kutafuta ni rahisi, kupakua ni ghali, na anayetafuta vizuri hupakua kidogo.

Kiolesura cha wavuti ni dirisha la maktaba hiyo, lililowekewa programu badala ya mtu. Badala ya kubofya ramani, programu hutuma ombi lenye masharti, na seva hurudisha orodha ya maelezo yanayotimiza masharti hayo. Kwa muda mrefu kila taasisi ilikuwa na dirisha la umbo lake. Vielezo vya pamoja vilianza kupunguza tofauti hizo, kwanza kwa OpenSearch na nyongeza zake za mahali na wakati, kisha kwa kielezo kijulikanacho kwa kifupi chake cha kimataifa kama STAC, ambacho toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2021. Leo hii katalogi za Copernicus barani Ulaya, za Landsat nchini Marekani, na za Digital Earth Africa, ambayo data zake huhifadhiwa katika seva zilizoko Cape Town, zote zinaweza kuulizwa kwa muundo huo.

Muundo wa STAC una ngazi tatu zinazomhusu mtafutaji. Ngazi ya juu ni mkusanyo, yaani taswira zote za aina moja, kama vile Sentinel-2 zilizokwisha kusahihishwa athari za angahewa. Ndani ya mkusanyo kuna vipengee, na kila kipengee ni upigaji mmoja wa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndani ya kipengee kuna viungo vya mafaili, moja kwa kila bendi ya mwanga au kwa kila zao lililokokotolewa. Mtafutaji anaweza kuvinjari, yaani kushuka ngazi hizo moja baada ya nyingine ili ajue kilichomo, au anaweza kutafuta moja kwa moja kwa masharti. Kuvinjari humsaidia asiyejua mkusanyo unaitwaje. Kutafuta humsaidia anayejua anachotaka. Anayeanza kwa kutafuta kabla ya kuvinjari mara nyingi huuliza mkusanyo usio na anachokihitaji.

3.0 Swali la Mfano: Bentiu, Septemba hadi Novemba 2021

Katika mafuriko ya mwaka 2021 miji ya Bentiu na Rubkona ilizingirwa na maji, ikabaki ikilindwa na matuta ya udongo. Ichukuliwe kwamba mshauri mjini Juba anataka kuona jinsi maji yalivyoenea kuizunguka miji hiyo tangu mwanzo wa Septemba hadi mwisho wa Novemba. Swali lake lina sehemu nne, na kila sehemu ina mtego wake.

3.1 Eneo

Eneo huandikwa kama mstatili wa tarakimu nne. Bentiu iko karibu na latitudo 9.25 Kaskazini na longitudo 29.8 Mashariki, hivyo mstatili unaofaa ni 29.6, 9.1, 30.0, 9.4. Longitudo hutangulia, latitudo hufuata. Mpangilio huu umewekwa na kielezo cha GeoJSON cha mwaka 2016, nao ni kinyume cha mazoea ya vitabu vya jiografia vya shule, ambavyo hutaja latitudo kwanza. Mshauri akifuata mazoea ya shule na kuandika 9.1, 29.6, 9.4, 30.0, katalogi haitamkatalia. Itampeleka kwenye Jangwa la Sahara, karibu na mpaka wa Algeria na Libya, na kumletea orodha ndefu ya taswira safi zisizo na mawingu. Asiyezifungua taswira zenyewe, akahesabu tu vipengee na kuridhika na wingi wake, hatagundua kosa hilo.

3.2 Wakati

Wakati huandikwa kwa saa ya dunia, yaani UTC, na herufi Z mwishoni mwake ndiyo alama ya saa hiyo. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, ikatoka saa tatu mbele ya UTC hadi saa mbili, huku Kenya na Uganda zikibaki palepale. Kwa hiyo mchambuzi aliyeko Nairobi na mwenzake wa Juba wanaweza kuandika saa mbili tofauti kwa tukio moja.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatua moja zaidi. Sentinel-2 hupita takriban saa nne na nusu asubuhi kwa saa ya jua ya mahali. Kwa Bentiu, katalogi itaandika karibu 08:30. Atakayezisoma tarakimu hizo kama saa nane na nusu ataiweka taswira hiyo mchana, saa nne baada ya wakati wake halisi. Kwa ramani ya msimu mzima kosa hilo halina uzito. Kwa ripoti inayojaribu kubaini kama tuta lilibomoka kabla au baada ya taswira kupigwa, uzito wake ni mkubwa.

3.3 Mkusanyo na Vichujio

Hapa ndipo palipo na mtego mkubwa kuliko yote. Mchambuzi aliyezoea Sentinel-2 huweka kichujio cha mawingu, kwa mfano chini ya asilimia 10, ili aepuke taswira zisizosomeka. Septemba na Oktoba ni miezi ya mvua katika eneo la Bentiu, na kichujio hicho kinaweza kuacha kipengee kimoja au kisiache hata kimoja. Jibu tupu halimaanishi kwamba hapakuwa na mafuriko. Mawingu yaletayo mvua ndiyo pia yanayoifunika taswira, na hivyo kichujio huondoa zaidi siku zilezile ambazo mshauri anazihitaji.

Isitoshe, kiwango cha mawingu kinachoandikwa katika kipengee ni cha kipande chote cha taswira, ambacho katika Sentinel-2 kina upana wa takriban kilomita 110 kila upande. Taswira yenye mawingu kwa asilimia 60 inaweza kuwa imeonesha Bentiu waziwazi, na yenye asilimia 8 inaweza kuwa na wingu moja lililosimama juu ya mji. Njia ya busara ni kulegeza kichujio, kisha kuzikagua taswira ndogo za mfano ambazo kwa kawaida huambatanishwa na vipengee.

Suluhisho la pili ni kubadili mkusanyo. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na hufanya kazi usiku na mchana. Maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya rada mbali na chombo, hivyo huonekana meusi. Lakini mchambuzi akihamia mkusanyo wa rada huku akisahau kukiondoa kichujio cha mawingu, atapata jibu tupu kwa mara ya pili: vipengee vya rada havina sifa hiyo, na kipengee kisicho na sifa iliyotajwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa hakikutimiza sharti. Vilevile, Sentinel-1B iliacha kutoa data tarehe 23 Desemba 2021, na Sentinel-1C haikurushwa hadi Desemba 2024. Anayelinganisha mafuriko ya mwaka 2021 na ya mwaka 2022 kwa kuhesabu taswira zilizoonesha maji analinganisha pia miaka miwili yenye idadi tofauti ya vyombo angani.

Hata taswira ikipatikana, Sudd yenyewe haisomeki kirahisi. Maji yaliyo chini ya mafunjo na nyasi ndefu hayaonekani vizuri katika mwanga wa kawaida, na rada huyabaini kwa sehemu tu. Mazao yaliyokokotolewa tayari, kama yale ya Digital Earth Africa yanayoonesha maji kwa kutumia Landsat, hupunguza kazi ya mchambuzi, lakini kwa kuwa hutegemea mwanga huohuo, katika uwanda wa mafunjo hupunguza pia eneo la maji.

3.4 Kurasa za Jibu

Seva hairudishi vipengee vyote kwa pamoja. Kwa mujibu wa kielezo cha STAC, ombi lisilotaja idadi huletewa vipengee 10, pamoja na kiungo cha ukurasa unaofuata. Programu isiyofuata kiungo hicho itaripoti vipengee 10 hata kama vimo 200. Kwa kuwa katalogi nyingi hutanguliza vipengee vipya, vitakavyopotea ni vya mwanzo wa kipindi. Katika mfano huu, hivyo ni vya Septemba, wakati maji yalipokuwa yakipanda.

4.0 Majina ya Mahali

Katika mfano uliotangulia hakuna jina la mahali lililoandikwa. Utafutaji wa msingi wa STAC hauna sehemu ya jina; unafahamu tarakimu tu. Zana zinazomruhusu mtumiaji kuandika "Bentiu" kwanza hulipeleka jina hilo kwenye orodha ya majina ya mahali, hupokea tarakimu, kisha ndipo huuliza katalogi. Hivyo basi, suala la lugha halikwepeki. Limesogezwa hatua moja nyuma, mahali ambapo mtumiaji halioni.

Nchini Sudan Kusini hatua hiyo imejaa utata. Kwanza, tahajia zinatofautiana: Wau na Waw, Rubkona na Rubkotna, Kajo Keji na Kajokeji. Majina haya yamepitia Kijieng, Kinuer, Kibari, Kiarabu na Kiingereza kabla ya kufika kwenye kompyuta, na kila lugha imeacha alama yake. Pili, jina moja lina mahali zaidi ya pamoja. "Juba" katika Kiswahili ni mji mkuu wa Sudan Kusini, na pia ni mto wa Somalia. Ripoti ya Kiswahili isemayo "mafuriko ya Juba" humlazimu msomaji kuuliza ni Juba ipi, na zana ya utafutaji haitauliza.

Tatu, mipaka yenyewe imebadilika. Nchi ilianza na majimbo 10 mwaka 2011, yakawa 28 kwa amri ya mwaka 2015, yakafika 32 mwaka 2017, kisha mwaka 2020 yakarejea 10 pamoja na maeneo matatu ya kiutawala ya Abyei, Pibor na Ruweng. Ruweng ilikuwa ndani ya Unity ya mwaka 2011, lakini haimo katika Unity ya leo. Kwa hiyo takwimu ya "eneo lililofurika katika Jimbo la Unity" inaweza kubadilika kwa kubadili tu mwaka wa ramani ya mipaka, bila tone moja la maji kuongezeka au kupungua. Pale ambapo misaada hugawanywa kwa jimbo, tofauti hiyo hugusa chakula cha watu.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na kuzitambua lugha zote za asili za nchi kuwa lugha za taifa. Mjini Juba, Kiarabu cha Juba ndicho kinachounganisha watu sokoni na mitaani. Kiswahili kimeingia kwa njia mbili: kwa raia waliorejea kutoka Kenya na Uganda, na kwa uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi ilijiunga nayo mwaka 2016 na ambayo mwaka 2021 iliamua Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Si busara, basi, kudai kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya lugha nyingine katika kazi hii. Manufaa yake yako mahali mahususi zaidi. Maji ya Bentiu hayaanzii Sudan Kusini. Sehemu yake hutoka Ziwa Victoria, ambalo kina chake kilivunja rekodi mwezi Mei 2020. Wataalamu wa Jinja, Mwanza, Kisumu na Juba wanashughulikia mfumo mmoja wa maji, na Kiswahili ni lugha wanayoweza kuitumia kuhojiana juu yake.

Ili kazi hiyo ifanyike, istilahi zinapaswa kutenganisha mambo ambayo mtafutaji hana budi kuyatenganisha. Mifano mitatu inatosha. Neno "picha" hutumika kwa kila kitokacho kwenye setilaiti, ilhali zao la rada si picha kwa maana ya kawaida, na msomaji atatarajia kuona rangi za majani na maji. "Taswira" inafaa zaidi. Neno "data" hutumika kwa kipengee na kwa faili, na hivyo "data hazikupatikana" huweza kumaanisha kwamba hakuna taswira iliyopigwa, au kwamba ipo ila haikupakuliwa. "Kipengee" kitumike kwa maelezo, na "faili" kwa kitu chenyewe. Mwisho, "hakuna matokeo" katika ripoti ya Kiswahili husomeka kwa urahisi kama "hakuna kilichotokea". "Hakuna kipengee kilichotimiza masharti" ni ndefu zaidi, lakini haimdanganyi mtu.

Majina ya masharti yenyewe, kama vile "bbox" na "datetime", hayafasiriwi, kwa kuwa ni sehemu ya amri ambayo seva huitambua kwa herufi hizo tu. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yanayozizunguka: ufafanuzi wa mikusanyo, maana ya sifa, na ripoti inayomfikia mfanya uamuzi.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba utafutaji katika katalogi ni uundaji wa swali, na kwamba swali lililokosewa huweza kupata jibu lisilo na dosari ya nje. Tarakimu zilizopinduliwa, kichujio kilichosahauliwa, ukurasa wa pili usiofunguliwa na mpaka wa mwaka mwingine hazileti ujumbe wa kosa. Huleta ramani.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, kila ripoti ya taswira inayowasilishwa kwa watunga sera iambatanishwe na aya moja ya utafutaji itakayotaja katalogi na mkusanyo ulioulizwa, mstatili wa eneo na mwaka wa mipaka iliyotumika, kipindi kwa UTC na kwa saa ya Juba, vichujio vyote, tarehe ya utafutaji, idadi ya vipengee vilivyopatikana na vitambulisho vyake. Vitambulisho ni muhimu kuliko viungo, kwani viungo hufa: kitovu cha zamani cha Copernicus kilipofungwa mwaka 2023, programu zilizokitegemea zililazimika kuandikwa upya. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na taasisi za kanda zinazoshughulikia data hizi, zikiwamo RCMRD ya Nairobi na ICPAC, kusanifu orodha fupi ya istilahi za utafutaji, ikianza na zile zinazobadilisha maana ya jibu. Tatu, orodha ya majina ya mahali ya Sudan Kusini iandaliwe pamoja na wazungumzaji wa lugha husika, ikionesha tahajia zote zinazotumika, tarakimu za mahali, na mabadiliko ya mipaka tangu mwaka 2011.

Pendekezo la kwanza halihitaji bajeti wala mkutano, na linaweza kuanza na ripoti ijayo. Amri ya mwaka 2022 ilidai utafiti kabla ya uchimbaji. Utafiti huo utakapowekwa mezani mjini Juba, wakazi wa Bentiu na watetezi wa Sudd watastahili kuona, pamoja na ramani, swali lililoizaa.